Mizinga ya Mbao za Kabati

Chumba cha Kufulia, Hospitalini
11 Februari

Kwa wifi yangu,

Salamu zikufikie hapo ulipo, ndani ya nyumba niliyozaliwa mimi. Huku mimi ni mzima, ukiacha magoti yangu ambayo siku hizi yanatabiri mvua kabla ya mawingu. Kazi ni ile ile: mashuka ya wagonjwa yanaingia machafu, yanatoka meupe, na mimi nasimamia. Mashine kubwa imekufa tena, tunafua kwa mikono kama enzi za bibi.

Mwanao hajambo. Kila Jumamosi anatoka chuoni anakuja kwangu, anakula, anafua nguo zake kwa sabuni yangu, analala, Jumapili anarudi. Amenenepa kidogo. Nakuambia mapema usije ukasema shangazi yake anamnyima.

Naandika kwa sababu simu tulishakubaliana iishe. Mara ya mwisho tulifokeana mpaka msichana wa pasi akaja kunifungia mlango kwa aibu. Karatasi angalau haipayuki.

Sasa jambo lenyewe. Yule mama wa duka la mkabala, tunayemwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzima, ameniandikia. Anasema kwenye banda la useremala la mdogo wangu, alimokuwa akipiga randa mpaka mkono ukamwisha nguvu, sasa kuna nyuki. Tena si nyuki waliopotea njia. Ni nyuki wa kufugwa, na mfugaji ni wewe.

Wifi, mdogo wangu hata mwaka hajatimiza kaburini. Kama banda limekushinda kulifagia, lifunge. Kama upweke umekuzidi, fuga paka. Uwanja ule una upana wa kamba mbili za kuanikia nguo, watu wanapita mbele na nyuma, na wewe umeona pa kuweka ni hapo wadudu wanaoua mtu?

Naomba unijibu kwamba Redio amekosea. Ikiwa hakukosea, naomba unijibu umewatoa lini.

Wifi yako,
dada wa Fundi

*

Nyumbani
2 Machi

Wifi,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu wewe ni mkubwa, na adabu haiulizi moyo umeamkaje.

Sisi ni wazima. Shule zimefunguliwa, nashona sare mpaka vidole vinanuka mafuta ya cherehani. Paa la jikoni linavuja pale pale. Mwanangu kunenepa nimefurahi. Sabuni nitamtumia yake.

Redio amekosea. Nyuki hawamo ndani ya banda, wako nyuma yake. Mizinga miwili. Umetaka nikuambie, basi sikia yote, nisije nikasikia nusu yake imerudi dukani ina pembe na mkia.

Siku moja ya joto kali nilikuwa barazani natia vifungo, nikasikia mvumo. Nilidhani ni lori. Kutazama juu, wingu jeusi linazunguka juu ya uwanja, likashuka, likaanza kuingia bandani kama maji yanavyoingia kwenye mdomo wa chupa. Nilichungulia dirishani. Walikuwa wanaingia kwenye lile kabati aliloliacha hajalimaliza, wanapita kwenye tundu la kitasa. Mpaka jua linazama hakuna aliyebaki nje, ila kabati zima lilikuwa linanguruma.

Majirani walifika kabla sijawaita. Kila mmoja ana dawa yake: maji ya moto, moshi wa pilipili, mafuta ya taa. Redio alileta mafuta ya taa mwenyewe, na kiberiti, bure. Bure, wifi! Tangu afungue lile duka hajawahi kutoa hata kamba ya kufungia mfuko. Akaniwekea kiberiti mkononi, akasema, "Choma, mama, kabla hawajazoea."

Nilikishika. Sikuwasha. Kwa nini sikuwasha, hayo ni yangu.

Kesho yake nilikwenda kwa afisa nyuki. Ni mwanamke mfupi, anaendesha pikipiki, anaongea kama anagombana. Alipoona uwanja akanisomea kwanza mashtaka: njia ya watu iko karibu, ua ni mfupi, maji hakuna. Nikainua ua kwa mabua hadi juu ya kichwa cha mtu, ili nyuki wakitoka wapae, wasipite usoni mwa wapita njia. Nikaweka beseni la maji lenye kokoto, ili wasiende kunywa kwenye mabomba ya watu. Milango ya mizinga inatazama ukuta. Miguu yake imesimama kwenye makopo ya mafuta machafu ya gari, sisimizi wasipande. Jioni moja tukawahamisha, yeye anakata masega, mimi nafunga kwa uzi kwenye vibao, kopo la moshi kati yetu. Nilidungwa kwenye kope. Sikulia, machozi yangu niliyamaliza mwaka jana.

Mzinga wa pili nilipaka nta ndani nikauacha wazi, wakaja wenyewe.

Mbao nilizipata hapa hapa nyumbani.

Mimi,
mke wa Fundi

*

Chumba cha Kufulia, Hospitalini
20 Machi

Wifi,

Marahaba. Mashine imetengenezwa. Magoti bado. Mwanao amefaulu mtihani wa kwanza, nadhani ameshakuandikia, na kama hajakuandikia mwenye kujiuliza ni wewe.

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko inavyostahili. Umeandika habari za kope lako, za kokoto, za makopo, za pikipiki ya watu. Halafu mwishoni, kama mtu anayefagia uchafu chini ya mkeka: "Mbao nilizipata hapa hapa nyumbani."

Mbao zipi?

Nitakujibia mwenyewe. Nyumba ile naijua. Mbao nzuri zilikuwa za kabati tu. Na kabati lile lilikuwa langu.

Mwaka juzi nilipokuja likizo alinipima nikiwa nimesimama, urefu mpaka mkono wangu unapofika, akacheka akasema, "Dada, sitaki uwe unapanda kiti kutafuta nguo zako uzeeni. Ukistaafu utalikuta linakusubiri." Wewe ulikuwa umekaa hapo hapo unachambua mchele. Au siku hiyo masikio yalikuwa yamekwenda sokoni?

Mimi ndiye niliyeacha shule mama yetu alipofariki, nikambeba yule mtoto mgongoni huku nikifua nguo za watu. Nilimfundisha kuvaa viatu. Sikutaka shukrani, lakini yeye mwenyewe alitaka kunishukuru, akachagua mbao, akazipiga msasa, na wewe umezikata ukawapa wadudu.

Nyumba hiyo ina jina langu pia. Mizinga iondoke. Nakupa muda mpaka mvua zikatike.

Dada wa Fundi

*

Nyumbani
29 Aprili

Wifi,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, nilikuwa na kazi. Mvua zimekuwa nyingi, jikoni nimeweka sufuria tatu za kukinga matone na ya nne inahitajika. Mwanangu ameniandikia. Amesema nawe unakohoa usiku, usipuuze.

Kuhusu kabati: niliona mbao. Usiniulize kama nilijua ni la nani, kwa sababu sitajibu.

Kuhusu jina lako kwenye nyumba: ni kweli, lipo. Lakini jina halifagii uwanja. Jina halikingi matone. Ukuta wa choo ulipoanguka mwaka jana sikuona jina lako likishika mwiko.

Kuhusu mizinga: haiondoki.

Sitaki uwaze kwamba nachezea. Mwanzoni nilikosea sana. Vibao vya juu nilivikata vipana kuliko alivyoniambia afisa, nikidhani tofauti ya unene wa kidole ni nini. Nyuki wakajenga masega yakakatisha vibao, la huku limeshikana na la kule, kama shati lililoshonewa mkono kwenye shingo. Afisa alipofunua akaniuliza, "Fundi cherehani mzima, hujui kupima?" Ilibidi niyakate yote, asali inatiririka mpaka kwenye viatu, majana, yaani watoto wao, wamelala vyumbani weupe weupe. Nilijisikia vibaya kama nimevunja nyumba ya mtu.

Sasa nimejua. Nafungua jioni jua likilegea. Sivai nguo nyeusi, sijipaki manukato, sifanyi haraka. Ukiingia na hasira wanajua kabla hujagusa kifuniko. Kwa hiyo siku ikifika barua yako, siwafungui.

Majirani nimewaendea mmoja mmoja kuwaeleza. Wengi wameelewa. Redio ameelewa pia, ila ameendelea kukuandikia, kwa sababu kuelewa hakumletei wateja.

Umenitajia ulivyombeba mgongoni. Najua. Amenisimulia mara nyingi, na kila aliposimulia alikuwa anakupenda. Lakini wewe hukuwahi kumshusha, wifi. Hata alipokuwa na ndevu, hata alipokuwa na mke.

Mke wa Fundi

*

Chumba cha Kufulia, Hospitalini
15 Mei

Wifi,

Kikohozi kimepungua. Mwanao hajambo.

Nimekusoma. Hujaniacha na neno la kuongeza.

Mvua zimekatika. Usije ukasema hukuambiwa.

Dada wa Fundi

*

Nyumbani
8 Juni

Wifi,

Salamu sina. Habari za nyumbani ndizo hizi.

Juzi nilitoka asubuhi kupeleka sare shuleni. Mwalimu mkuu akataka zihesabiwe mbele yake, nikachelewa. Narudi, jua liko utosini, nafika kwenye kona ya ile karakana ya baiskeli, naona watu wamesimama mbali, wote wanatazama kwangu, hakuna anayesogea. Kijana wa karakana akanishika mkono. "Mama, usiende. Nyuki wamechafuka."

Nikasikia mtu analia. Sauti niliijua.

Nilijifunika kichwani gauni moja la sare lililorudishwa nikaenda. Redio alikuwa chini kando ya ua wangu, upande wa njia, amejikunja kama mtoto, nyuki wamemjaa shingoni na kwenye nywele. Alikuwa amekuja kutazama. Kiti chake cha dukani kilikuwa hapo hapo, wifi. Alikuwa ameleta na kiti. Nikamkokota mpaka ndani, nikafunga mlango, nikaanza kumkwangua miiba kwa kisu cha mezani, maana ukiivuta kwa vidole unajisindikizia sumu mwenyewe. Midomo ilikuwa inavimba naiona. Akawa anapumua kama mtu anayevuta hewa kwenye tundu la sindano. Nilipiga kelele dirishani mpaka yule kijana akaja na baiskeli ya mizigo, tukamfunika shuka, tukamkimbiza zahanati. Daktari alisema tungechelewa njiani kidogo tu, tungekuwa tunazungumza habari za mazishi.

Yuko hai. Macho yamezama usoni kama vifungo kwenye mto. Mbuzi wake, aliyekuwa amefungwa kwenye nguzo, amekufa. Aliyefunga mbuzi hapo ni yeye, aliyemuua sijui niseme ni nani.

Na mwanamume aliyewachafua nyuki nilimkuta zahanati, kitanda cha pili, mikono imevimba, viatu vya mpira bado vimemkaa. Kazi yake ni kupiga dawa ya kunguni na mende majumbani. Nyuki hajawahi kuwashughulikia. Alikuja mchana kweupe, nyuki wamejaa mashambani na wengine njiani wanarudi, akaupulizia mzinga mmoja dawa, na ule wa pili ukamtokea.

Nikamuuliza, "Nani amekuruhusu kuingia kwangu?"

Akasema, "Nimetumwa na mwenye nyumba."

Nikamuuliza, "Mwenye nyumba ni nani?"

Akanitazama kama mimi ndiye niliyepigwa dawa.

Mzinga wa kwanza umekwisha. Ni wale wale waliokuja siku ya joto wakapita kwenye tundu la kitasa. Wamelala chini wamejaa kama pumba za mpunga, wengine bado wanatembea kwa kuzunguka, wanazunguka, hawajui mlango uko wapi. Niliwafagia kwa ufagio wa ndani. Asali yote ina sumu. Nimechimba shimo nikaifukia na masega na watoto wao, na juu yake nikaweka mawe mbwa wasifukue. Wale wa pili nimewazibia mlango kwa wavu mpaka harufu iishe.

Daktari ameniuliza kama nataka kwenda polisi. Nimesema nitafikiri.

Umepata ulichotaka nusu. Nusu nyingine njoo uifanye kwa mkono wako.

Mke wa Fundi

*

Chumba cha Kufulia, Hospitalini
30 Agosti

Wifi,

Salamu. Sina hakika kama bado tunasalimiana, lakini barua isiyo na salamu nimeshindwa kuianza. Nimeijaribu.

Mwanao amehama kwangu. Huenda umeshajua. Alikuja Jumamosi ile na barua yako mkononi, ile uliyomwandikia yeye, akasimama mlangoni hakuvua viatu. "Shangazi, ni kweli ulimtuma yule mtu?" Nikamwambia kaa kwanza ule. Akasema, "Nimeuliza swali." Nikageuka kupakua chakula. Akachukua mfuko wake wa nguo, chafu na safi pamoja, akaondoka. Tangu siku hiyo Jumamosi napika chungu kile kile na kula siku mbili.

Redio ameniandikia pia. Safari hii barua fupi, kwa mwandiko wa mtu mwingine. Amesema ni wewe uliyemkokota. Amesema hataki tena niwe namtumia salamu.

Ndiyo. Nilimtuma. Redio alimtafuta, mimi nikampa ruhusa. Sikumwambia aende mchana, sikumwambia aue mtu. Lakini sikumwambia lolote jingine pia, kwa hiyo hapo usinitafutie nafuu, sijaiomba. Polisi ukitaka nenda. Anwani yangu unayo.

Nimekaa na barua yako tangu Juni nikitafuta jibu la ukali wake. Kila nikishika kalamu, linalokuja ni swali lingine, na swali hilo ndilo nililotaka kukuuliza tangu Februari, badala yake nikakuuliza habari za nyuki.

Kwa nini hukuniambia kuwa anakufa?

Aliumwa muda mrefu. Daktari hakuficha, mwanao ameniambia. Kulikuwa na simu. Kulikuwa na basi. Mimi nafanya kazi hospitalini, wifi. Kila siku nafua mashuka ya watu ambao ndugu zao wamekaa pembeni yao. Mimi yangu ilikuwa sauti yako kwenye simu: "Njoo, tunazika." Nilimkuta kwenye jeneza. Aliyembeba mgongoni akaitwa kama mpangaji anayeitwa kuja kuchukua vyombo vyake.

Kabati, nyuki, jina la nyumba, yote yaache. Nijibu hilo tu.

Dada wa Fundi

*

Nyumbani
17 Septemba

Wifi,

Shikamoo.

Polisi sikwenda. Si kwa ajili yako. Yule mwanamume ana watoto, na mikono yake bado haijafunga vidole vizuri.

Umeuliza, nakujibu. Nilikuwa nimeapa kutokujibu, lakini mume wangu aliyeniapisha hakunikataza milele, alisema tu, "Mpaka akuulize kwa upole." Miezi yote hii hukuwahi kuniuliza kwa upole. Barua yako ya Agosti nimeisoma mara mbili kutafuta kama huo ni upole. Nadhani kwa kipimo chako ni huo.

Figo zilipokataa kabisa alihamia kile chumba cha kando ya banda, akataka dirisha liwe wazi anuse mbao. Nikamwambia, "Nimpigie dada yako." Nilisema hivyo, wifi, amini usiamini. Simu ilikuwa mkononi.

Akasema, "Usimpigie."

Nikamwambia atanichukia mpaka kufa.

Akasema, "Atakuchukia hata ukimpigia. Mke wangu, akija, mmoja atakaa upande huu wa kitanda, mwingine upande ule. Huyu ataniuliza nani alinipikia uji mzuri zaidi, yule ataniuliza nani ananijua zaidi. Maisha yangu yote nimekuwa hakimu wenu. Nataka nife bila kuamua kesi."

Ndivyo alivyosema. Halafu akageukia ukuta akalala, au akajifanya amelala.

Kwa hiyo sikupiga. Nilitii. Usiniulize kama nilitii kwa uchungu au kwa furaha. Hilo nimelikataza hata kwangu mwenyewe.

Umeandika kwamba uliitwa kama mpangaji. Mimi niliyekuwepo sikufaidi zaidi yako. Siku za mwisho alikuwa hataki kunitazama usoni, kwa sababu aliponitazama alikuwa anatuona mimi na wewe tuko pamoja. Tulimchosha, wifi. Figo zilimaliza tu.

Siku ile Redio aliponiwekea kiberiti mkononi, nilikuwa nimesimama mbele ya kabati lako linalonguruma. Nikawaza, nikilichoma hili, atapata sababu ya kunichukia mpaka watoto wa mwanangu. Nikawaza, nikiliacha, pia. Nyuki nao walikuwa wameingia mahali pasipo pao, hawamjui mwenye nyumba ni nani. Nikaona niwaache. Basi, hiyo ndiyo niliyokuambia kuwa ni yangu. Sasa umeipata na hiyo.

Mke wa Fundi

*

Chumba cha Kufulia, Hospitalini
22 Novemba

Wifi,

Marahaba. Hujambo? Paa la jikoni?

Wiki ya kwanza nilisema umeongopa. Nilimwambia msichana wa pasi, nikamwambia dereva wa gari la mashuka, nikawaambia hata watu wasiokujua. Nilikuandikia kurasa nne. Sitakutumia, lakini ujue zilikuwa nzuri.

Halafu siku moja nikiwa nakunja mashuka nikakumbuka jinsi alivyokuwa mdogo. Baba na mama wakianza kugombana, yeye alikuwa anaingia mvunguni mwa kitanda na sahani yake ya chakula. Ukimwita, anasema, "Mkimaliza mniambie." Alikuwa hajajua hata kufunga vifungo. Hilo wewe huwezi kulijua, hukuwepo, na huwezi kulitunga.

Kwa hiyo sijasema tena kuwa umeongopa. Zaidi ya hapo usinisukume.

Mengine ni haya. Kazi imeisha. Wameleta mashine mpya ambayo haihitaji msimamizi, inahitaji mtu wa kubonyeza. Wamenipa saa ya ukutani na maneno mazuri. Chumba nilichopanga nakiachia mwisho wa Desemba. Nina mabegi mawili na kiti kimoja.

Mwanao alikuja jana. Hakulala, lakini alikaa, akavua viatu. Aliniambia mzinga uliobaki umekuwa mkubwa. Sikumuuliza zaidi. Ni kweli?

Nakuja huko Januari mwanzoni. Kaburini nitakwenda kwanza, peke yangu. Baada ya hapo sijui. Kulala naweza kutafuta mahali. Sijakuomba chumba, ila nakuarifu tarehe, maana nyumba ina watu wanaoishi humo, na mtu haingii tu.

Dada wa Fundi

*

Nyumbani
6 Desemba

Wifi,

Shikamoo. Mimi mzima, cherehani imevunjika sindano mbili wiki hii.

Kulala utatafuta mahali wapi? Kwa Redio? Amefungua duka tena, anaona kwa macho yote mawili, na akitajiwa jina lako anahesabu chenji kwa sauti. Chumba cha kando ya banda kiko wazi. Nilikuwa nimeweka vitambaa humo, nimevitoa. Godoro linabonyea upande wa ukutani. Usinishukuru, chumba ni chako kama kilivyo changu, ndivyo karatasi zinavyosema, nami nimechoka kuzibishia.

Usidhani nimekusamehe. Nikifagia pale nyuma bado nakuta mabawa.

Ndiyo, ni kweli, mzinga umekuwa mkubwa. Mkubwa kupita kiasi. Wiki iliyopita nusu yao walitoka na malkia wakaning'inia kwenye nguzo ya lango, bumba refu kama mkono wa shati uliojazwa mchanga. Nikaweka ngazi, nikashika sanduku kwa mkono mmoja, tawi la kuwapukutishia kwa mkono mwingine, na kopo la moshi nimelibana kwapani. Niliungua kwapa. Niliwapata, lakini nusu yao walinipita mkononi wakapotea.

Hii kazi inataka watu wawili. Mmoja anafungua, mmoja anashika moshi. Majirani, tangu Juni, hakuna anayesogea. Mwanangu ana masomo. Afisa amehamishwa.

Januari tutavuna kwa mara ya kwanza. Wewe utashika moshi. Kushika moshi hakutaki mapenzi, kunataka mkono usiotetemeka, na mtu aliyenyoosha mashuka ya hospitali miaka yote hiyo mkono anao. Hatutaongea tukiwa pale. Wenyewe hawapendi kelele. Na asali tutavuna kidogo, tuwaachie yao ya kula, usije ukanifundisha uchumi nimeshika kisu.

Nguo ya kuvaa nimekushonea, nyeupe, mikono imebana, wavu wa uso umeshikana na kofia. Mwili wako nimeukisia tu, maana mara ya mwisho nilipokuona tulikuwa tumepeana mgongo. Kama itakubana, shauri yako.

Mke wa Fundi